Namba Iliyokimbia Mikumi

Siku subira yangu ilipokatika nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Karani Gaudensi, mwanangu mchanga Idi akinyonya upande wa kushoto, kalamu ya wino ya karani mkono wa kulia, na mbele yangu sahani ya pilau ambayo sikuwa nimeigusa. Kilichonipeleka pale ni mwandiko wangu. Asubuhi ile binti yake, Yustina, alikuwa ametangazwa kwamba ndiye atakayechukua nafasi pekee ya shamba letu la mkonge katika shule ya kati ya wasichana, ile ya bweni, darasa la tano mpaka la nane. Bibi Mkuu wa shule hiyo, Mwingereza, alitaka kila msichana afike na barua ya Kiingereza iliyotoka kwa mama yake mzazi. Mama Yustina hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimefika darasa la kumi kwa masista kabla ya kuolewa, na kambi nzima ilijua kwamba ukitaka barua yako ifike Songea na heshima yake, unampelekea Mama Zena. Basi nikaitwa. Zena ni binti yangu. Katika mtihani wa darasa la nne Zena alikuwa wa kwanza, Yustina wa tano. Nilikwenda hivyo hivyo, na uchungu wangu nimeumeza, kwa sababu niliamini mtoto wa mwenzangu ameshinda kihalali. Alikuwa ameshinda mbio za Mikumi, ambazo Bibi Mkuu alizipima kuliko mtihani, na mbio za Zena zilifutwa kwa sababu ya tembo, na tembo huwezi kuwashtaki.

“Andika kwamba binti yangu ni mkimbiaji,” Mama Yustina akaniambia, amekaa kwenye kiti cha kitambaa, kanga mpya bado ina mikunjo ya dukani. “Andika kwamba amewashinda wote.” Nikaandika maneno mawili, binti yangu, kwa Kiingereza, kwa herufi zile za kulala walizotufundisha masista kwa rula. Dirisha la sebule lilitazama uani, na uani wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu. Nikamsikia dada wa Karani anasema, “Kukimbia wapi? Na homa ile? Mtoto kashinda kalala kwenye lori anatapika.” Mwingine akauliza, “Sasa nani aliyekimbia?” Dada wa Karani akacheka. “Namba ndiyo iliyokimbia, mwenzangu. Ndani ya namba alikuwamo Zena, wa huyo huyo anayeandika barua humo ndani.” Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka jambo lililokwisha kupita na ambalo kila mtu analijua. Kila mtu isipokuwa mimi.

Nikakumbuka shingo ya Zena. Siku aliyorudi Mikumi alikuwa na mstari mwekundu shingoni, mwembamba, umevimba kidogo, nami niliupaka mafuta ya nazi nikidhani amejikwaruza kwenye lori. Pale Mikumi kamba ya kumalizia mbio ilikuwa ya katani, tena mbichi, na ilifungwa na watu wazima kwa kimo cha vifua vya watu wazima. Mtoto wa miaka kumi na moja akiikata kwa mbio, inamkata shingoni. Na anayeikata ni mmoja tu. Nikaichukua ile sahani ya pilau, nikaiweka juu ya barua, nikaikandamiza mpaka mafuta yakachora duara kwenye karatasi. Mama Yustina akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimemaliza. Akasema, “Mbona hujaandika?” Nikamwambia, “Mama Yustina, nimesema nimemaliza.” Nikamchomoa Idi kwenye ziwa, akapiga kelele, nikatoka naye akilia hivyo hivyo kupita katikati ya wale wanawake na masufuria yao, na hakuna aliyeniambia karibu tena.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya sherehe ya mwezi uliopita kule Mikumi, ambako Zena amestaafu ualimu mkuu. Walifunga turubai, wakapanga viti vya plastiki, wakanikalisha mbele kabisa karibu na spika, kana kwamba kila mzee ni kiziwi. Zena ana mvi sasa, ila bado anatembea kama mtu anayewahi mahali. Katikati ya hotuba akaingia mwanamke mnene mwenye fimbo, akaja moja kwa moja kwangu, akainama kwa shida, “Shikamoo mama.” Nikaitikia marahaba bila kumjua. Alipocheka ndipo nikamjua. Ni Yustina, katoka Mamboya alikokuwa mkunga miaka yote. Akaomba kipaza sauti. Akasema, “Mimi ni mtu pekee katika wilaya hii aliyewahi kushinda mbio amelala kwenye lori.” Watu wakacheka bila kuelewa, naye akawaeleza, mwanzo mpaka mwisho, na alipofika mwisho akamshika Zena mkono akauinua juu kama refa anavyomwinua bondia. Turubai zima lilipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshapiga vyangu zamani, kwenye uwanja wa boma la Kilosa, siku waliporudia kukimbia na Zena akamwacha mwenzake mbali kiasi kwamba Bibi Mkuu, aliyeshika saa ya kupimia, alisahau kuibonyeza. Kwa hiyo mwisho wa habari hii nimeshausema, sitaki mtu akae roho juu. Zena alikwenda shule. Yustina alisomeshwa mwaka mmoja zaidi na shangazi yake, akapata nafasi yake mwenyewe mwaka uliofuata, kwa miguu yake mwenyewe.

Nilipokuwa nakula wali wangu, mjukuu wangu mmoja, ambaye anataka kwenda kusoma chuo cha nje, akanichutamia miguuni na simu yake. “Bibi, hata sasa hivi ni vilevile. Hawa jamaa wameuliza alama zangu mstari mmoja, halafu ukurasa mzima wanauliza nacheza mchezo gani, na nani anaweza kushuhudia.” Nikamuuliza amejaza nini. Akasema mpira wa kikapu. Nikamuuliza kama amecheza kweli au kachezewa. Yeye akacheka, mimi sikuwa natania.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka ishirini na nane, na tulikaa katika chumba kimoja na nusu kwenye kambi ya shamba la mkonge chini ya Chanzuru. Hiyo nusu ilikuwa ukumbi ulioezekwa mabati, ambamo nilipika, niliosha watoto na niliandika barua za watu. Ukifungua mlango wa mbele unaona mkonge, ukifungua wa nyuma unaona mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na harufu ya maganda yanayooza kutoka korona, mtambo wa kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi, iliingia mpaka kwenye uji. Mume wangu, Rajabu, alikuwa mkataji. Waliokuja kwa mkataba kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu ofisini walijulikana kwa namba, na kila mmoja alikuwa na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, nyapara anakutilia alama kwenye chumba kimoja. Vyumba visipojaa kwa muda uliowekwa, kipande kinakufa, na siku zako zote zinakufa nacho. Wazungu walikipanga hivyo, na watu wa kambi wakapanga namna yao ya kuishi nacho. Mtu akiugua, mwenzake humaliza kazi yake mwenyewe, kisha huanza tena na kukata ya mgonjwa, na nyapara humtilia mgonjwa alama. Hakuna aliyeuita huo uongo. Mwezi wa pili mwaka ule Rajabu alilala na homa siku tisa, nami nilikuwa na tumbo la Idi la miezi minane, na kwa siku tisa hizo rafiki yake, Bwana Matei, alikata mkonge wa watu wawili. Jioni alipita mlangoni, mikono imechanika na miiba, akauliza tu, “Shemeji, jamaa kanywa uji?” Zena alikuwa anampelekea maji shambani. Aliona yote.

Mwaka huo huo Bibi Mkuu akaleta kadi zake. Alikuja na gari, akakaa darasani kwa Mwalimu Elia dakika chache, akasema kwamba mtihani unampima mtoto kichwa tu, na yeye anataka kujua mtoto ana moyo gani, na moyo wa mtoto unaonekana michezoni. Kadi zilikuwa za manjano, vyumba kumi na viwili. Kumi na moja vya Jumamosi za mazoezi, na cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, cha mashindano ya Mikumi. Watoto wakazipokea na siku hiyo hiyo zikapata jina: kipande cha mbio. Sijui kama yule mama alifikiria hata mara moja amewapa kadi watoto wa nani. Jumamosi ya mtoto wa karani ilikuwa yake. Jumamosi ya Zena alikuwa anampelekea baba yake chakula shambani, ugali na mlenda kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, karibu maili mbili, kisha anarudi mbio uwanjani kabla Mwalimu Elia hajapuliza filimbi. Nilimkemea kwa sababu alirudi anatweta na gauni limetota jasho. Nilidhani anachelewa. Kumbe mazoezi yake alikuwa ameshayafanya kabla wenzake hawajaanza. Kadi yake ikajaa vyumba kumi na moja, na ya Yustina pia kumi na moja. Usiku sikuwa napata usingizi kwa Idi, lakini nilikuwa naifikiria ile nafasi moja mpaka naisikia mdomoni kama chakula. Mimi nilitolewa darasa la kumi nikaolewa. Sitaki kusimulia ilikuwaje. Nasema tu kwamba nilitaka Zena apite pale mimi niliposimamishwa, na sikuwa na haya ya kulitaka.

Nilipotoka kwa Karani na mwanangu analia, nilimkuta Zena ukumbini anachambua mchele. Nikamuuliza hapo hapo, kabla sijakaa. “Nani aliyekata kamba Mikumi?” Akaendelea kuchambua. “Mimi.” Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, “Hukuniuliza.” Mkono wangu uliinuka, nakiri, na Idi ndiye aliyeuzuia kwa kuniponyoka. Basi Zena akaeleza, huku ameinamisha macho kwenye ungo. Kila msichana aliandikiwa mbio moja, Yustina zile za kwanza, Zena zile za pili. Njiani, baada ya kupita kijiji kile kiitwacho Ulaya, Yustina akaanza kutetemeka na kutapika, na walipofika Mikumi hakuweza kushuka kwenye lori. Alikuwa analia kwamba chumba chake cha mwisho kitabaki kitupu na kipande chake kitakufa. “Nikamwambia nipe namba yako,” Zena akasema. “Nitakukimbilia zako, halafu nikimaliza nakimbia zangu.” Akafunga namba ya Yustina mgongoni, akakimbia, akakata kamba. Akarudi kwenye lori akavaa namba yake, na wakati wanapangwa mstarini kwa mbio za pili, tembo wakatokeza upande wa pili wa uwanja, wakubwa wanne na ndama, hawana haraka. Walimu wakawapakia watoto kwenye malori, wakaondoka. Mbio za pili hazikukimbiwa. Kwenye kadi ya Yustina Bibi Mkuu, ambaye hakuwapo Mikumi, alifuata alama ya Mwalimu Elia akaandika kwa wino mwekundu kwamba ameshinda. Kwenye kadi ya Zena chumba kikubwa kikabaki cheupe.

“Na Mwalimu Elia?” nikamuuliza. “Hakukuona?” Zena akasema, “Aliniona. Aliniambia hongera, umemsaidia mwenzako.” Nikamwambia, “Wewe mtoto, ungemwambia mtu.” Ndipo akainua macho. “Mama, Bwana Matei alipomfanyia baba kazi, alimwambia nani?” Nilikaa chini kwenye mkeka, nikachambua mchele naye.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Elia, mtu mpole mwenye kikohozi, nikamkuta anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Aliniambia ukweli bila kuzunguka. “Mama Zena, niliona mtoto anamkimbilia mwenziwe mgonjwa, nikafurahi. Nilitia alama kama nyapara anavyotia. Sikujua kwamba kwa Bibi Mkuu chumba kile kinamtoa mmoja na kumwingiza mwingine.” Nikamwambia sasa anajua, basi aende akaseme. Akatazama kikombe chake. Nyumba ile ilikuwa ya shamba, na aliyegawa nyumba za shamba ni Karani. Sikumlaumu sana. Nilimlaumu kiasi.

Kutoka pale nikaenda ofisini, kwenye dirisha dogo ambako watu hupokelea vipande vyao. Karani Gaudensi alikuwa peke yake, na alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, “Mimi pia ni mzazi. Sikumtuma mtoto wako akimbie.” Nikamwambia hakumtuma, lakini amejua, na amepika pilau. Akafungua droo, akatoa kipande cha Rajabu cha mwezi wa pili, akakilaza dirishani pale ili nikione. “Siku tisa hizi mumeo alikuwa kitandani. Nyapara alizitilia alama, lakini kalamu iliyoziingiza kitabuni ni yangu. Mama Zena, tukianza kuulizana nani alifanya kazi ya nani, tutaanzia wapi? Na tutamwacha wapi Matei?” Akakirudisha kwenye droo, akafunga. Hakunitishia kwa neno lingine lolote. Hakuhitaji.

Jioni habari zilikuwa zimeshazunguka kambi. Nilikuwa nasonga ugali, Rajabu kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Bwana Matei akaja akasimama mlangoni, akakataa kuingia, akakataa kula. “Shemeji,” akaniambia, “mimi nina watoto sita.” Nikamwambia najua. “Ukiwaambia wale kule boma kwamba mtoto alikimbia kwa namba ya mwenziwe, watauliza huku watoto wanajifunza wapi mambo hayo. Meneja si mjinga. Wiki hiyo hiyo atasimamisha mtu kila mstari, na atakayeugua basi.” Rajabu akasema, “Mimi niko hai kwa siku tisa za huyu bwana.” Nikawapakulia. Hakuna aliyekula. Nilikuwa na hasira na Karani, na Bibi Mkuu, na tembo, na Matei kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikawaambia, “Sitawataja. Sitataja kadi wala namba ya mtu. Lakini mwanangu hawezi kubaki hapa akazoe maganda ya korona kwa sababu ana roho nzuri.” Rajabu akauliza, “Sasa utalalamika nini, kama husemi kilichotokea?” Akaniacha na swali hilo, na lilikuwa swali zuri.

Nilitumia siku tatu na karatasi saba. Niliandika mchana, korona ikipiga kelele, Idi kalala kwenye kanga iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya matusi, ya Kiingereza safi, masista wangeona fahari na kulia papo hapo. Nikaitia jikoni. Ya pili nilisema yote, majina na namba, na ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kweli, na nilipoisoma nikamwona Matei kila mstari. Nayo nikaitia jikoni. Ilipofika ya tano nikajiuliza: wewe mwanamke, miaka sita unawaandikia watu malalamiko, wa mguu uliokatwa na mashine, wa posho yenye wadudu, yapi yalijibiwa? Nikayakumbuka moja moja. Yaliyojibiwa ni yale yenye ombi fupi mwishoni, ombi ambalo mkubwa akilikataa itambidi aeleze kwa nini. Mkubwa hasomi uchungu wako. Anatafuta unataka nini, ajue kama anaweza kukupa kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa naandika ya watu kwa akili, na yangu naiandika kwa tumbo. Nikaanza upya. Nikauliza Bibi Mkuu anataka nini. Anataka kuona moyo wa mtoto mbioni. Sawa. Aone.

Jumanne nikavaa gauni langu la kola nyeupe, nikamfunga Idi mgongoni, Zena akabeba viatu vyangu ili visichafuke vumbi. Tukafuata njia ya reli, tukavuka mto Mkondoa ukiwa na maji ya magotini, tukapita Mabwerebwere wanawake wakifungua vibanda vyao, tukapanda bomani. Nikavaa viatu chini ya ngazi. Tarishi, mzee mwenye tarabushi nyekundu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akasema malalamiko ya wanawake husikilizwa Alhamisi. Nikamwambia, “Basi babu, nitasubiri Alhamisi.” Nikakaa kwenye ngazi, nikamtoa Idi mgongoni nikamnyonyesha. Tarishi akaniangalia, akauangalia mlango, akaniangalia tena. “Hapa hapa?” Nikamwambia, “Mimi nimetoka mbali, na hapa pana kivuli.” Zena alikaa pembeni yangu, magoti pamoja, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Mama, nikikimbia tena, Yustina atafanywaje?” Nikamwambia, “Yustina hajambo sasa. Atakimbia mwenyewe. Hilo ndilo alilolikosa Mikumi.” Akafikiri. Akasema, “Nisimsubiri?” Nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame. “Siku hii moja, usimsubiri mtu.”

Kabla ya adhuhuri Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu anayesikiliza mashauri bomani, alitoka, kijana mwekundu wa jua, akataka kushuka ngazi na akakuta zimejaa: mimi, mtoto ziwani, binti na viatu. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kama kuna shauri. Nikamjibu kwa Kiingereza cha darasa la kumi kwamba kuna barua, ni fupi, na ina nakala mbili. Aliisoma amesimama. Aliisoma mara ya pili. Mdomo ukamcheza kidogo pembeni, akamwita karani wa boma alete muhuri. Nakala yangu iligongwa muhuri pale pale kwenye ngazi, juu ya kitabu alichokuwa amekishika, na wino ulipaka gauni langu la kola nyeupe kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja ukauke. Niliiandika kwa lugha mbili. Ya Kiswahili ndiyo hii, kama ilivyo, sijagusa neno.

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Kuchagua Wanafunzi, Boma, Kilosa.

Bwana,

Mimi ni mama wa Zena binti Rajabu, wa kwanza katika mtihani wa darasa la nne, shule ya shamba la mkonge, Chanzuru. Nalalamika rasmi kwamba mwanangu amenyimwa nafasi kwa sababu ya mbio ambazo hakuna mjumbe wa kamati aliyeziona mpaka mwisho, na mbio nyingine ambazo hazikukimbiwa kabisa kwa sababu ya tembo.

Simtuhumu mtu. Sidai kwamba mtihani peke yake utoshe. Bibi Mkuu amesema anataka kuuona moyo wa mtoto kwa macho yake, nami nakubaliana naye. Chumba kwenye kadi hakina macho.

Naomba jambo moja, ambalo halitaigharimu serikali kitu. Waiteni wasichana wawili, Yustina binti Gaudensi na Zena binti Rajabu, kwenye uwanja wa boma. Wakimbie mbele ya kamati, mbele ya Bibi Mkuu, na mbele ya wazazi wao. Kamba ya kumalizia ifungwe kwa kimo cha watoto. Na namba wavalishwe wakishafika kwenye kamba.

Nasubiri jibu hapa nje, kwenye ngazi.

Mama Zena